Kile Mama Mkwe Alichokula Mwaka wa Ukame

Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano nilishikwa na uchu wa mihogo mibichi. Sikutamani maembe machanga wala udongo, vitu ambavyo walimu wenzangu walinitajia kila tulipokaa pamoja chumba cha walimu. Nilitaka muhogo uliomenywa, mweupe, unaolia ukiung'ata, wenye chumvi na pilipili ya unga juu yake. Karibu na daraja la Themi kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mihogo kwenye beseni, na kila nilipotoka shuleni nilimpitia. Ilifika mahali akiniona kwa mbali anaanza kumenya.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha tatu na cha nne. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba sikuwa mjinga wa mambo ya chakula na mwili. Au tuseme nilikuwa mjinga wa namna ya mwalimu: nilijua yote yanayotoka kwenye mtihani.

Jumamosi moja asubuhi mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka kijijini kwake, Kikwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na shingoni alikuwa na rovu la ukubwa wa yai la bata ambalo alilifunika kwa kitambaa. Ni mtu anayepiga hodi hata kwenye nyumba ya mwanawe na kusubiri nje mpaka aitwe. Siku hiyo alileta ndizi, dumu la maziwa mgando na fungu kubwa la mnafu, ile mboga chungu ya majani ambayo huku kwetu haikosekani nyumba yenye mjamzito.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo unakwendaje?"

Nikamwambia unakwenda vizuri, unapiga mateke. Akacheka. Kisha akaona sahani yangu juu ya stuli, na kicheko kikakatika. Aliitazama mihogo ile kwa muda, akainyanyua sahani, akatoka nayo uani, akamwaga kila kipande kwenye pipa la taka. Aliiosha sahani. Akanawa mikono mara mbili kwa sabuni. Ndipo akarudi kukaa.

"Utanisamehe," akasema. "Lakini siyo kwa mtoto huyo."

"Kuna nini, Mama?"

"Basi tu. Naomba usile."

Nakumbuka uso ulinichoma, maana tangu niolewe alikuwa hajawahi kuninyooshea hata kidole, na sasa alikuwa amenimwagia chakula nyumbani kwangu. Tulikaa tukichambua mnafu kama watu waliogombana, ingawa hatukuwa tumegombana.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimsimulia. Yeye ni fundi umeme, na ana tabia ya kusikiliza huku akikunjua nyaya. Akaacha nyaya.

"Mama hajawahi kupika muhogo tangu nizaliwe," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Na kabichi alikuwa analima na kuuza, lakini chunguni kwetu haikuingia."

"Na hamkuuliza kwa nini?"

"Mtoto anauliza kwa nini hakuna nyama. Nani anauliza kwa nini hakuna muhogo?"

Nilicheka, lakini swali lile halikuniacha. Watoto sita wamekulia nyumba moja, na chakula kimoja kimefungiwa mlango bila maelezo. Nikaanza kuhesabu vyakula ambavyo mama yangu mzazi hakupika, nikakuta sijui sababu ya hata kimoja.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilikwenda Kikwe kukaa wiki moja. Kule ni chini, pakavu kuliko juu mlimani, na kilimo kinategemea maji ya mfereji. Nyumba ile walikuwa wanaishi watu wawili tu: mama mkwe na mwanawe wa kwanza, shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa amekaribia miaka hamsini. Shemeji hakuzaliwa akisikia, na hasemi. Hutembea kwa kukaza magoti, mambo ya kuhesabu humchanganya, na ukimtuma vitu vitatu dukani ataleta kimoja. Lakini bustani ni yake. Anajua kila tuta limenywa maji lini, na akiona jani lina doa analing'oa na kuja kukuonyesha kwa uso wa mtu anayeripoti wizi. Yeye na mama yake wana lugha yao ya mikono ambayo hakuna shule iliyowafundisha.

Siku ya tatu nilikuwa naye mama mkwe bustanini tukichuma mnafu. Nikaona afadhali niulize nikiwa nimeinama, nisimtazame machoni.

"Mama, ile mihogo. Nimekuja kukuuliza."

Aliendelea kuchuma.

"Wewe ni mwalimu wa mambo ya mwili," akasema mwishowe. "Nilikuwa nasubiri siku uniulize, ili na mimi nikuulize."

Akaniambia. Aliolewa akitoka juu, kwenye migomba na mvua, akaletwa huku chini kwenye mahindi. Mwaka wa kwanza wa ndoa mvua haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Kilichobaki shambani ni mihogo, kwa sababu maofisa wa kilimo walikuwa wamepita wakihimiza kila kaya ipande, na aina waliyopanda ni ile chungu, inayostahimili jua na isiyoibwa na ngedere. Mihogo ile hailiwi hivi hivi. Inalowekwa siku kadhaa, inaanikwa, ndipo inatwangwa.

"Lakini maji yenyewe yalikuwa ya kufuata mbali," akasema. "Na njaa haihesabu siku. Wiki ya kwanza tuliloweka siku nne. Baadaye mbili. Baadaye moja. Mwisho tulikuwa tunamenya, tunachemsha, tunakula. Na mimi nilikuwa na mimba yake." Akaelekeza kidevu upande wa shemeji, aliyekuwa anafukia shimo la panya kwenye ukingo wa mfereji.

"Mlikuwa mnaumwa?"

"Kichwa kinazunguka, tunatapika kidogo, tunalala. Kesho tunakula tena. Shingo yangu ilianza kuvimba mwaka ule." Akagusa kitambaa chake. "Mtoto alizaliwa mnene, mzuri, mtulivu. Watu wakanipongeza kwa utulivu wake. Hakulia usiku. Halafu siku moja radi ikapiga karibu, mti ukapasuka, mbwa wakakimbia, na yeye amelala tu. Nikasimama pale nikamwangalia. Nikajua."

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Yake haikusimama.

"Mama mkwe wangu alisema nimekula kitu kibaya. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikubishana nao. Lakini mbuzi wetu wawili walikufa mwaka ule ule, walikula maganda ya mihogo niliyomenya kwa mikono hii. Maganda yaliua mbuzi. Na mimi nilikula cha ndani, miezi tisa, na mtoto ndani yangu. Mtu hahitaji kusoma ili aunganishe hayo."

"Ndiyo maana hukupika tena."

"Ndiyo maana. Na kabichi niliisikia kwa muuguzi mmoja zamani, alisema inaongeza rovu, nikaiacha pia." Ndipo akanyooka, akaniangalia. "Sasa niambie wewe. Nilimlisha sumu mwanangu?"

Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka, nimeulizwa maswali ya kila namna, lakini hili halikuwa kwenye mtihani wowote niliosahihisha. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia nitatafuta.

"Tafuta," akasema. "Mimi nimetafuta karibu miaka hamsini."

Niliporudi mjini nilianza. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikasoma vitabu vya zamani vya maktaba ya shule, na siku ya kliniki nikamngoja mtaalamu wa lishe, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, mpaka foleni yote ikaisha. Nilimweleza habari nzima bila kusema ni ya nani. Yeye akaelewa ni ya nyumbani kwangu.

Alichonifafanulia nilikuja kukifundisha baadaye, lakini siku ile nilikipokea kama mwanafunzi. Muhogo mchungu una kitu ambacho ukikatwa au kutafunwa hutoa sumu, ndiyo iliyoua mbuzi. Mtu akila kidogo kidogo, mwili unapambana nayo na kuigeuza kuwa kitu kingine kisichoua. Lakini hicho kitu kingine nacho kina tabia yake. Kwenye shingo tuna tezi inayohitaji madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi, ili itengeneze homoni. Kile kitokanacho na muhogo kinafika kwenye mlango ule ule na kuzuia madini joto yasiingie. Tezi inavimba ikihangaika. Na mtoto tumboni, miezi ya mwanzo kabisa, hana tezi yake inayofanya kazi. Anategemea homoni ya mama kujengea ubongo na masikio.

"Kwa hiyo ni mihogo," nikasema.

"Taratibu, mwalimu. Wapo watu wanaokula mihogo maisha yao yote, watoto wao wanasikia na wanafaulu. Mihogo inaleta shida hiyo pale ambapo madini joto tayari ni machache. Mkiwa na chumvi nzuri, mlango unakuwa na watu wengi wa upande wenu."

"Na enzi zile chumvi ilikuwa na madini joto?"

"Ya wapi? Watu walitumia waliyoipata."

Nikamuuliza kama kuna kipimo, damu au picha, cha kuonyesha leo kilichompata mtu tumboni karibu miaka hamsini iliyopita. Akavua miwani akaipangusa kwa kanga.

"Hakuna. Inaweza kuwa hivyo, na dalili ulizonieleza zinafanana. Inaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga, au uzazi mgumu. Hakuna atakayekuapia."

Nikamuuliza na ya kwangu, kwa aibu. Mihogo niliyokuwa nikila ni ya aina tamu, akasema, si ile. Lakini mibichi kila siku nayo si jambo la busara, na nipunguze chai ninayokunywa na chakula, maana inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye hiyo mboga ninayojivunia. Hilo la chai sikulijua. Nilikuwa nakunywa vikombe viwili kila mlo. Nilitoka pale nikishangaa jinsi majani ya mboga na ya chai yanavyoweza kukaa kwenye mlo mmoja yakivutana, moja linaleta, jingine linazuia, na katikati kuna mtu anayekula akidhani anashiba tu.

Muhula ulipoanza nikawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kila mmoja alete kijiko cha chumvi kutoka nyumbani kwao, kwenye karatasi. Mwalimu wa kemia alinisaidia kuandaa dawa: maji ya wanga, tone la asidi hafifu, na kemikali moja ya kabatini kwake. Ukidondoshea chumvi yenye madini joto inageuka bluu. Isiyo nayo inabaki nyeupe. Darasa lilijaa kelele. Chumvi nyingi zilikuwa bluu, nyingine zambarau ya kufifia, na chache hazikubadilika kabisa. Wenye chumvi nyeupe walichekwa, ikabidi niwanyamazishe.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kunisaidia kwa sababu miguu yangu ilikuwa inavimba. Nikamwambia aje shuleni alasiri, wanafunzi wakishatoka. Alivaa kama anakwenda ibadani. Aliingia maabara akipiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akatazama mifupa ya plastiki iliyoning'inia pembeni, akaisalimu kwa kichwa.

Nilikuwa nimemwomba aje na chumvi ya Kikwe. Akatoa karatasi kwenye pindo la kanga. Ilikuwa chumvi ya chenga kubwa, ya gunia lisilo na maandishi, ile wanayonunua kwa ajili ya ng'ombe na kuchota ya jikoni humo humo.

Nikadondoshea chumvi yangu kwanza. Bluu ikatokea, nzito, kama wino umemwagika. Akainama karibu.

"Imekuwaje?"

"Hayo ndiyo madini joto, Mama. Yameonekana."

"Sasa yangu."

Nikadondosha. Tukasubiri. Nikaongeza tone jingine. Chumvi yake ilibaki nyeupe, imelowa tu.

Nikaona ndiyo nafasi ya kumwambia yote. Nikamweleza habari za mlango na tezi, na homoni, na miezi ya mwanzo. Nikamwambia kwamba mihogo peke yake huenda isingefanya kitu, na kwamba huenda hata siyo mihogo, na kwamba mtaalamu mwenyewe amesema hakuna anayeweza kuapa. Nilidhani nampelekea faraja. Nilitaka aelewe kwamba hakuna kosa lake.

Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa ni chumvi tu."

"Huenda, Mama."

"Kiasi gani?"

"Kidogo sana. Madini yenyewe yakiwa kwenye ncha ya kidole, ni mengi kuliko yanayohitajika kwa siku."

Nilijuta kabla sijamaliza. Akakaa kwenye stuli ya wanafunzi, akafungua kitambaa cha shingoni, akakikunja vizuri mapajani. Sijawahi kumwona akilia, na hakulia. Ila alipumua kama mtu aliyepandisha mlima na kuambiwa kulikuwa na njia ya chini.

"Miaka yote hii nilikuwa naona ni kitu kikubwa," akasema. "Nilisema, kitu kilichomfunga mwanangu lazima kiwe kikubwa."

Nikakaa stuli ya pili. Mwalimu wa kemia alichungulia mlangoni, akatuona, akaondoka.

Baadaye akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya darasa langu. Kama mama hana madini joto, kwa nini watoto waliofuata walizaliwa wakisikia? Nikamwambia huenda ni kwa sababu hali ya chakula ilibadilika, mvua zilirudi, mihogo iliachwa. Je, ng'ombe wanaolamba chumvi hii nyeupe, maziwa yao yana nini? Sikujua. Na mnafu, uchungu wake si sumu pia? Nikamwambia upo uchungu na uchungu, ila kwa nini mmoja ulishe na mwingine udhuru, ningelazimika kusoma.

"Husomi vya kutosha," akasema, na hapo akatabasamu kidogo.

Mtoto wangu alizaliwa mwezi wa kumi, msichana. Hospitali walimpima uzito na kumpa chanjo. Bibi yake alikuwa na vipimo vyake. Kwa wiki mbili nzima alikuwa anamwendea kwa nyuma na kupiga makofi, kudondosha kifuniko cha sufuria, kuita kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mtoto akashtuka kila mara na kulia, na kila alipolia bibi yake alisema "Asante." Ilinibidi nimwombe aache, kwa sababu sasa hata mimi nilikuwa nashtuka usingizini. Aliacha, lakini kwa shida.

Alipotimiza miezi mitatu tulimpeleka Kikwe. Jikoni nilikuta mfuko wa chumvi wenye maandishi, umewekwa kwenye kopo lenye kifuniko, na gunia la ng'ombe limehamishiwa zizini. Shemeji alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamnusa kichwani, akamrudisha haraka kana kwamba amepewa kitu cha kuvunjika.

Mchana nilikuwa nimekaa kizingitini nikinyonyesha, nikamwona mama mkwe amemsimamisha shemeji katikati ya matuta. Alikuwa anamwambia kitu kwa mikono. Lugha yao siijui yote, lakini hiyo niliifuata. Aligusa shingo yake mahali penye rovu. Akagusa tumbo lake. Akamnyooshea kidole yeye, akagusa sikio lake, kisha akafanya ishara ya kula, na mwisho akafungua viganja vyote viwili, vitupu, akavishikilia hivyo mbele yake.

Shemeji alimtazama. Alivitazama vile viganja. Sijui alielewa nini, na mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, naye alisema hajui. Kisha shemeji akachukua jembe lake, akampigapiga mama yake begani mara mbili, kama anavyofanya mtu anapokuambia ameshasikia, akaondoka kwenda kufungua mfereji kwa sababu zamu yetu ya maji ilikuwa imefika.